Baridi ya Bhabatosh Modak

Mwezi wa tano mjini Krishnanagar, huko Bengali, kunguru hukaa kivulini midomo wazi na lami ya barabarani hung'ang'ania ndala za watu. Mwezi huo, Bhabatosh Modak, muuza vitamu vya maziwa, alikuwa amekaa dukani kwake, karibu kabisa na karai kubwa la maziwa yanayochemka, amevaa sweta mbili, shali ya mkewe, na ile kofia ya sufu inayofunika kichwa, masikio na shingo ikaacha macho na pua tu. Na bado alikuwa akisikia baridi.

Hakuwa hivyo zamani. Alikuwa mtu wa mbio: mteja hajamaliza kusema "nipe", sandesh zake, vile vipande vitamu vya maziwa, zimeshafungwa na kamba imeshakatwa. Ila tangu majira ya baridi yalipopita, yeye hakupita nayo. Uso ulimvimba. Ngozi ikamkauka kama gazeti la mwaka jana. Sauti ikashuka, ikawa nzito, inatoka kwa kusitasita utadhani inavutwa kutoka kisimani. Choo nacho kikawa shughuli ya kutwa. Mteja akiuliza mtindi, Bhabatosh alimtazama, akautazama mtungi, akamtazama tena mteja, na kufikia hapo mteja mwenyewe ameshakwenda duka la pili.

Nyumbani walikubaliana bila ubishi kwamba ni gesi. Katika mtaa ule kila kitu ni gesi. Kichwa kikigonga ni gesi, goti likiuma ni gesi imeshuka, mtoto akifeli hesabu alilala na gesi. Kwa hiyo Bhabatosh alikunywa dawa ya gesi kila asubuhi, ile nyeupe nzito ya chupa, kama babake alivyokunywa kabla yake.

Aliyechoka kwanza ni mkewe, Minati. Alimkokota mpaka kwa Daktari Sutapa Lahiri, mama mfupi mwenye miwani minene, asiyecheka na wagonjwa wala na ndugu zao. Damu ikapimwa. Daktari akasema tezi ya shingoni imelegea, haitoi homoni inayotakiwa, ndiyo maana mwili mzima unakwenda kwa kujikokota. Akampa vidonge vidogo vyeupe: kimoja kila asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, labda maisha yake yote. Arudi baada ya wiki kadhaa apimwe tena.

"Tezi?" Bhabatosh alisema walipofika nje. "Huo si ugonjwa wa wanawake?"

"Basi ununue na bangili," Minati akamjibu. "Shali yangu unayo tayari."

Kidonge cha kwanza alikimeza Jumatatu. Jumanne alikuwa mbele ya kioo anajikagua. Ijumaa alianza kukitukana. "Dawa gani hii? Mbegu ya papai kubwa kuliko hii!" Wiki zikapita. Uchovu uko palepale, baridi iko palepale, na sasa juu yake kulikuwa na uchungu wa mtu anayefuata masharti na haoni faida. Kabla ya dawa alikuwa mgonjwa tu. Baada ya dawa akawa mgonjwa aliyedanganywa.

Hapo ndipo alipoingia Potol. Potol alikuwa mdogo wake Minati, aliyeajiriwa dukani kwa kuwa kwingine kote walishamjaribu. Siku moja alifika mteja wao wa siku nyingi, Kalipada, mwalimu mstaafu aliyekuwa na kesi ya shamba na ndugu yake. Akaegemea kabati la vioo, akahema. "Kaka Bhabatosh, huu ugomvi utaniua. Niukazanie, au nifanyeje?"

Bhabatosh hakuwa amemsikia. Alikuwa bado anatafuta jibu la mama aliyeuliza kitambo kama mtindi umeshaganda. Alifumbua macho taratibu, akanyanyua kidole, na ile sauti ya kisimani ikatoka: "Bado. Usiuguse. Uache utulie."

Mwalimu alijua kwamba ni yeye aliyejibiwa. Akaenda zake bila hata kuchukua vitamu vyake. Jioni ile ndugu yake, ambaye hawakuwa wamesemezana miaka, akamletea kikapu cha maembe.

Kesho yake mwalimu alirudi na jirani zake. Kesho kutwa jirani walileta shangazi zao. Walikaa kwenye benchi wakimtazama yule mtu aliyevaa sufu kando ya moto, asiyetoa jasho, asiyeudhika, anayesema neno moja baada ya kutafakari kwa muda mrefu. Waliona ni mtu aliyeushinda mwili. Na wakimaliza kumtazama walinunua vitamu, maana hakuna anayetoka mahali patakatifu mikono mitupu.

"Shemeji," Potol alimnong'oneza, "usibadilishe kitu. Kaa hivyohivyo."

"Mimi naumwa, Potol."

"Ndiyo. Unaumwa vizuri sana. Endelea."

Ikafika Jamai Shasthi, siku ambayo kila mama mkwe wa Bengali humlisha mkwe wake wa kiume mpaka ashindwe kuinuka. Hakuna siku muuza vitamu anayotakiwa awe macho kama hiyo. Foleni ilitoka mlangoni ikakunja kona. Bhabatosh alipima kilo ya kwanza, akapima nusu ya pili, akaegemeza kichwa ukutani apumzike kidogo tu, akalala fofofo, mdomo wazi.

Mmoja wa wale shangazi alimvika shada la maua ya manjano shingoni, kwa heshima. Mwingine akachomeka udi kwenye bakuli la sandesh mbele yake. Wote wawili walikuwa na nia njema. Ila mtu aliyekuwa mwisho wa foleni, akichungulia juu ya vichwa, aliona uso uliovimba umepauka, maua, udi, na watu waliokutanisha viganja. Akafikia uamuzi ambao yeyote angeufikia.

"Jamani! Modak amekufa!"

Foleni ikavunjika. Wengine walilia, wengine walikimbia, na bwana mmoja akapiga kelele kwamba kufa amekufa, lakini yeye alishalipia. Mwenye duka jirani akafunga milango kwa heshima. Potol, badala ya kusema neno, alikuwa anazuia watu wasiguse karai. Habari ilimfikia Minati jikoni, akiwa na unga mikononi. Alifika mbio, nywele wazi, akimlilia mumewe kwa jina, jambo ambalo mke wa huko hafanyi na yeye hakuwa amelifanya tangu waoane, akamwangukia kifuani.

Bhabatosh akafumbua jicho moja. "Minati," alisema polepole, "umeleta shali nyingine?"

Kumbe kilio kinaweza kugeuka ghadhabu bila kupumzika katikati. Alimwinua vilevile na maua yake, akampakia kwenye riksha, akampeleka kwa Daktari Lahiri.

Daktari aliyatazama maua, hakuuliza. "Kidonge unameza?"

"Kila siku. Sijaruka hata moja."

"Unakimeza vipi?"

Bhabatosh alijiweka sawa. Katika jambo hili alijua hana kosa. "Nikiamka, kwanza vijiko vya dawa ya gesi. Halafu kidonge. Halafu chai ya maziwa, nzito, ya kukisukuma. Na biskuti, kisije kikakwaruza."

Daktari akavua miwani. "Si nilikwambia tumbo tupu?"

"Ndiyo, Daktari. Lakini tumbo langu haliwezi kuwa tupu. Lina gesi."

Minati alitazama ukuta. Daktari naye akatazama ukuta uleule, kisha akaeleza bila kupandisha sauti. Ile dawa ya gesi hukishika kidonge tumboni kisiingie kwenye damu. Maziwa nayo hukizuia. Wiki zote hizo alikuwa anameza tiba na kuifungia mlango kwa nyuma. Tangu leo: maji matupu, halafu akae karibu saa nzima ndipo anywe chai, na dawa ya gesi ingoje mpaka mchana.

"Na nikifanya hivyo nitapona lini?"

"Polepole. Dozi yenyewe nimeianza chini ili isiushtue moyo wako, huenda tukaipandisha. Hata anayemeza sawasawa hukaa wiki nyingi hajajisikia mtu. Hukudanganywa, Bwana Modak. Ulikuwa na haraka."

Hakuna aliyekuwa amemwambia Bhabatosh kwamba ana haraka tangu mwaka uanze. Alirudi nyumbani amefarijika kwa namna ya ajabu.

Na kweli ilikuwa polepole. Dalili ya kwanza haikuwa furaha bali hasira: asubuhi moja ya majira ya mvua alimkuta Potol amelala juu ya magunia ya sukari, akamfokea kwa maneno mfululizo, bila kupumzika, mpaka mwisho. Minati alisikia kutoka ndani, akatabasamu peke yake. Kisha sweta moja ikavuliwa. Kisha mwalimu Kalipada akauliza tena kuhusu kesi yake, na kabla hajamaliza, Bhabatosh akamkata, "Mimi nitajuaje? Kamuulize wakili! Sandesh kilo ngapi?"

Mwalimu aliumia. "Dawa zimemharibu," aliwaambia wale shangazi, na benchi likabaki tupu.

Potol akaja na wazo. "Shemeji, ukiviacha vidonge kidogo tu, mpaka sikukuu za Durga zipite..."

Minati alinyanyua upawa wa chuma, na wazo likaishia hapo.

Hakupona kwa mara moja. Dozi ilipandishwa, akapimwa, ikapandishwa tena. Mchana mwingine usingizi ulimwangusha kama zamani, akakata tamaa hadi jioni. Lakini kilichomtesa zaidi ni ile saa ya kungoja chai. Mbengali aliyeamka na hajanywa chai ni mtu asiye na pa kukaa. Alizunguka uani, akaigombeza birika, mpaka Minati akamfukuza atembee kando ya mto Jalangi.

Akawakuta huko. Wanawake wa mtaa karibu wote, wamejifunga sari zao imara, wanatembea kwa mwendo wa kupoteza wakati. Mmoja alimkagua tangu kichwani hadi miguuni, akauliza, "Tezi?"

"Tezi," Bhabatosh akakiri.

"Karibu, kaka. Umeanza lini? Baridi imekuacha? Nywele je?"

Tangu siku hiyo hutembea nao kila asubuhi, mwanamume peke yake. Ndiko alikosikia kwamba mmoja wao alilia miezi kwa uchovu, vidonge anameza vizuri, mpaka ikagundulika ana upungufu wa damu vilevile; na mwingine alikuwa akiweka vidonge vyake juu ya jiko, joto likaviharibu. Husikiliza yote, huuliza maswali, huchangia habari za choo bila aibu. Lakini ile saa ya kungoja chai ikitimia hakuna anayeaga. Wote hugeuka ghafla kuelekea kwenye birika zao, kwa mbio, na aliyekuwa akisimulia huachwa peke yake ukingoni mwa mto, katikati ya sentensi, mkono bado hewani.