Kanda Niliyoitia Motoni

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye benchi la zahanati hapa Tunduma, nasubiri kuitwa dirisha la dawa. Binti yangu aliyenisindikiza alikuwa anaangalia filamu kwenye simu, nami nikasogeza shingo. Watu wanaishi ndani ya chombo kinachoelea kati ya nyota, na mwenzao aliyetoka nje anagonga mlango, uso umegeuka kijani.

"Msimfungulie huyo!" nikapiga kelele.

Benchi zima likageuka. Mama mmoja akauliza, "Bibi, nani tena yuko mlangoni?"

Nikajifunika khanga kwa kucheka. Kisha nikamwuliza binti, "Hii mpya umeitoa wapi?"

"Siyo mpya, mama. Ni ya zamani, wengi hawaijui. Nimeikuta mtandaoni."

"Sasa mbona siku zote hukunionyesha?"

Akaisimamisha picha kwa kidole. "Nilikuwa nayo kwenye kanda, nikiwa darasa la sita. Ulisema ni ya mashetani, ukaitia motoni chini ya sufuria ya maharage. Sikuwa nimefika mwisho."

Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo paliponiuma. Nakumbuka maharage yale yalinuka plastiki, na nilimlazimisha ale.

Ndugu wasomaji, nimesimama kanisani mara nyingi kushuhudia jinsi nilivyomwokoa binti yangu na kanda ile, na watu wakanipigia makofi. Jumapili hii inanipasa nisimame tena, na sijui nianzie wapi.