Piko ya Hilda

Jirani yangu Hilda, hapa Kilema, aliota mvi ya kwanza mwaka ule mumewe Fabian alipokwenda Mererani kuchimba mawe ya tanzanite. "Nitarudi Krismasi," Fabian alisema. Hakusema ipi.

Basi kila Desemba, watu wakipanda mlima kurudi kwao, Hilda alishuka sokoni Moshi kununua piko, rangi nyeusi ya kuficha mvi. Enzi ya ruksa hiyo, biashara zimefunguliwa, vitu vimejaa tele. Mpakaji nilikuwa mimi.

"Dada, na hapa kisogoni. Nataka anikute kama alivyoniacha."

"Na magoti nayo niyapake?"

Alinipiga kofi la paja, tukacheka.

Mvi zikazidi, nywele zenyewe zikapungua, zikawa kama nyuzi za mgomba mkavu. Krismasi ya kumi na mbili nilimaliza pakiti tatu. Msinibishie: kile kichwa kilikuwa cheusi hata kuku wakapanda kulala saa saba mchana.

Siku hiyohiyo akaingia mzee, kichwa cheupe kama kilele cha Kibo, mkononi jani la isale, lile tunaloombea msamaha. Fabian! Hilda alikuwa ameinama jikoni akikoroga mtori. Fabian akachungulia, akaona nywele nyeusi tii, akarudi kinyumenyume. Nilimkuta migombani anatafuta kaburi.

"Shemeji, Hilda mmemzika wapi? Na yule msichana aliyepewa nyumba ni nani?"

"Tumemzika kwenye piko," nikamwambia. "Hilda! Toka nje, marehemu wewe!"

Akatoka na mwiko. Wakatazamana mpaka mtori ukaungua.

"Njia nzima nilikuwa naziwaza mvi zako," Fabian akasema. "Nilisema, angalau tumezeeka pamoja, japo kila mtu kwake."

Hilda akapokea isale. Kesho yake akaniletea wembe. "Nyoa zote."

Nikanyoa. Lakini nywele za uzeeni hazina haraka, zinachungulia kama mgeni asiyejua kama atapewa kiti. Mwaka mpya ukapita, Fabian akaondoka kwenda kufunga kazi zake Mererani, kichwa cha mkewe bado kipara.

"Pasaka nitakuja kuziona," alisema.

Pasaka ilizikuta zimeota, nyeupe tupu. Yeye hakuja.

Sasa ni Juni, ukungu umeshuka mpaka migombani, na Hilda amesimama kando ya njia, kichwa wazi.

"Funga kitambaa, utapata kifua."

"Ngoja kidogo, dada. Nasikia gari."

Mimi, mwenye masikio ya kusikia mchwa akipiga miayo, sisikii kitu. Nasimama naye.