Valerian na Mtani Wake wa Kwamndolwa

Mwaka 1975, watu wa kijiji kimoja kipya cha ujamaa upande wa Kerenge walipotaka mlango walimwita fundi Valerian, na walipotaka mlango ulionyooka walimwita asubuhi. Mchana hakuwa fundi tena, alikuwa mali ya kilabu cha pombe ya miwa. Baba yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge, akazikwa huku huku. Valerian mwenyewe Tabora hakuijua hata kwa ndoto, lakini ukimwuliza kabila lake alijipiga kifua: Mnyamwezi!

Pombe haikumfanya mkali. Ilimfanya mcheshi kupita kiasi. Siku ya kipaimara ya binti yake Yuditha alicheza kinyumenyume mbele ya wageni, akarudi, akarudi, hadi akakaa ndani ya sufuria ya pilau. Wageni wakala mihogo. Kijiji kizima kilicheka, isipokuwa Yuditha. Miaka ikapita, akawa mwalimu, akachumbiwa na Simeo wa Korogwe, na siku moja akamjia baba yake kwa upole.

"Shikamoo baba. Ndoa ni baada ya miezi mitatu. Kanisani atanipeleka baba mdogo Matayo. Wewe nakuomba usije."

Matusi Valerian angeyamudu, alishayazoea. Hilo "nakuomba" ndilo lililomkata maini. Binti alipoondoka, alimgeukia mkewe Josefina, aliyekuwa akipepeta mchele kana kwamba hakusikia neno.

"Mama Yuditha, nifanyeje?"

"Kwamndolwa kuna mwashi anaitwa Mhina. Walioacha pombe hukutana uani kwake kila Jumamosi saa kumi."

"Umejua lini?"

"Mwaka jana. Nilikuwa nangoja uniulize."

Jumamosi alidandia lori la kijiji lililopeleka mahindi Korogwe, akashukia Kwamndolwa. Nyumba aliiona upesi, ila miguu ilikataa kuingia. Alipita mlangoni mara tatu akichungulia vichakani, mpaka mwanamume mnene akatoka.

"Umepoteza nini, bwana?"

"Mbuzi."

"Karibu ndani. Huyu hapa alikuja kutafuta kuku, yule kule baiskeli. Mimi ndiye Mhina, nilikunywa miaka kumi na minane nikijificha nisionekane na watu wa msikitini. Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Mhina akapiga makofi kwa furaha. "Mimi Mzigua! Mtani wangu, umekwisha!"

Ndivyo kikundi kile kilivyofanya kazi. Kila mgeni alikabidhiwa kwa mtani wake. Ndugu akikukemea mtagombana, mtagawana hata vyungu. Mtani akikukemea ukanuna, wewe ndiye utakayechekwa. Kwa hiyo walikaa mkekani, wakanywa chai ya tangawizi, wakasemana bila huruma, na Valerian akarudi nyumbani mbavu zikimuuma kwa kicheko.

Wiki tatu alishinda. Ya nne alimaliza milango ya shule, wenzake wakampongeza kwa kata moja ya pombe, na kata moja, kama tujuavyo, haijawahi kutembea peke yake. Jumamosi alifika Kwamndolwa akitafuna karafuu.

Mhina alinusa. Alimvua Valerian kofia yake ya pama, akaivaa, akajilaza mkekani na kufumba macho. Wengine wakaelewa mara moja, wakaanza kulia kilio cha msiba. Mazishini, mtani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu, na Mhina alimwigiza Valerian barabara: akainuka akiyumba, akapima mlango hewani, akakosa, akapima tena. Uani watu waligaagaa kwa kucheka.

"Mimi sijafa!" Valerian alipinga, huku naye akicheka.

"Tunakuwahi. Ukifa kweli hutaona," alisema Mhina. Kisha akatazama huku na huku. "Ndugu wa marehemu wapo. Jirani wapo. Mtoto wake yuko wapi?"

Akavua ile kofia, akaishika kifuani.

"Hakuja," Mhina alisema taratibu. "Alichoka."

Valerian akalia mbele ya wanaume saba, wala hakuona haya. Tangu siku hiyo hakugusa tena.

Asubuhi ya ndoa alivaa shati jeupe, akaenda kusimama nje ya kanisa, nyuma kabisa ya watu. Aliombwa asije, naye alijua. Lakini Yuditha alipokaribia mlango akiwa na Matayo, Mhina alichomoka katikati ya watu, kanzu ikipepea, akatanua mikono.

"Bibi harusi hapiti! Mimi mtani, nina haki ya kuzuia njia. Kwanza nimnuse Mnyamwezi wangu!"

Wazee wakacheka, maana desturi ni desturi. Mhina akamkokota Valerian hadi mbele, akasogeza pua mdomoni kwake, akavuta pumzi ndefu. "Tangawizi!" alitangaza. "Wiki ya nane hii, tangawizi tupu! Asiyeamini aje mwenyewe!"

Kicheko kilipotulia, Yuditha alikuwa bado amesimama. Akafunua shela, akasogea karibu na uso wa baba yake.

"Pumua, baba."

Valerian akapumua. Yuditha hakusogea upesi. Alibaki pale, macho yakimjaa, kisha akamkabidhi Matayo maua.

"Nishikie, baba mdogo," alisema, akampa baba yake mkono. "Twende, baba. Padri anatungoja."