Nasirumbi Akagua Bahari

Dada yangu Nasirumbi hasaini kitu ambacho hajakiona. Miaka ishirini na mbili sasa anatoa mizigo forodhani hapa Busia, upande wetu wa Uganda, na madereva wa malori wanamjua. Mwambie ni magunia ya vitunguu. Atakunja sketi, apande lori, afunue turubai, atie mkono mpaka gunia la katikati. Mawakala wengine husaini wakiwa wamekaa kitini na chai. Yeye huwaita wachawi, kwa kuwa wanaona vitu wasivyovitazama.

Jambo moja tu alilihukumu bila kulikagua, nalo ni kazi ya Sandra, binti yake wa pekee. Sandra alisomea mambo ya hoteli, akaenda pwani ya Kenya kwa mafunzo ya miezi mitatu, na huko akajifunza kupiga mbizi. Akapata kazi kwenye kisiwa kidogo, ya kuwaongoza wageni chini ya bahari wakaone samaki. Alipoleta habari hiyo nyumbani, dada yangu aliweka kijiko chini na hakumaliza chakula.

Si kwamba ana roho mbaya. Kaka yetu Okochi alikuwa mvuvi, na ziwa lilimchukua wakati Nasirumbi ana miaka kumi na sita, mimi kumi. Tulimzika kijijini kwetu Masinya siku ya nne, na tangu hapo dada yangu hajaingia maji yanayopita magoti.

Sasa kwetu, mtoto akienda kuanza maisha mbali, mzazi hutia maji kinywani, akampulizia kifuani na kumtamkia maneno mema. Ndiyo baraka yenyewe. Siku Sandra aliposafiri, kikombe cha maji kilikuwa mezani tayari, na mtoto amesimama mbele ya mama yake na begi mgongoni. Nasirumbi alikichukua kile kikombe, akatoka nje, akamwagia maua. Nilikasirika hata nikashindwa kumuaga mtoto vizuri.

Miaka sita ikapita. Sandra alipiga simu kila Jumapili, na kila alipogusia baraka, mama yake alijibu, "Tutaongea." Mpaka mwaka jana binti akachoka.

"Mama, unakataa mzigo hujafunua turubai," alimwambia. "Njoo ukague."

Mahali anapofanya kazi, msimu wa mvua vyumba vikiwa vitupu, wafanyakazi huruhusiwa kualika watu wao kwa siku nne. "Nakuja," dada yangu akasema. "Lakini mimi nakuja kukagua tu. Na Babra anakuja pia." Babra ni mimi. Sikuulizwa, na sikukataa.

Kisiwa kilikuwa kidogo. Ungekizunguka kwa miguu kabla maharage hayajaiva. Maji yalikuwa ya kijani, meupe ukingoni, na mimi nilifurahi kama mtoto wa shule. Nasirumbi alikaa mchangani na viatu vyake. Kisha akaanza kazi. Alikagua boti, akasoma tarehe kwenye mitungi ya hewa, akavuta kamba za majaketi ya kuokolea moja moja, akakuta moja bovu, akamtaka nahodha aonyeshe leseni yake. Siku ya pili wafanyakazi walikuwa wanamwita Mama Forodha. Lakini maji hakuyagusa.

Jioni ya siku ya tatu nilimkuta Sandra nyuma ya jiko analia.

"Mama mdogo, kila nikishuka na wageni namwomba Mungu, halafu nakumbuka kile kikombe," aliniambia. "Kesho mnaondoka. Akiondoka bila kunibariki, sitamwomba baraka tena."

Nilikwenda moja kwa moja kwa dada yangu, na sikubembeleza. "Umekagua boti, umekagua majaketi," nikamwambia. "Mzigo wenyewe uko chini. Leo hata wewe unasaini ukiwa kitini?" Alinigeuzia mgongo na kulala.

Asubuhi alitoka chumbani amevaa fulana na suruali ya kubana. "Leta hiyo miwani ya kuzamia," akamwambia Sandra.

Boti ilitupeleka hadi penye matumbawe, pamoja na mgeni mmoja wa Kampala aliyeitwa Emma, mwanaume mzito mwenye maneno mengi. Sandra alimvalisha mama yake jaketi, miwani ya kuzamia na bomba la kupumulia, akamteremsha majini akiwa amemshika mkono. Mara ya kwanza alipoinamisha uso, aliinuka anakohoa.

"Maji hii ina chumvi."

"Ndiyo, Mama. Ni bahari."

"Nimejua ni bahari. Nasema ina chumvi."

Nikamwambia kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kisha akainamisha uso tena, na mimi nikainamisha wangu kando yake.

Nashukuru tu kwamba Mungu alinifikisha pale. Samaki wa manjano walipita chini yetu makundi kwa makundi, na kasa mmoja alikuwa anakula majani bila haraka yoyote. Sandra alikuwa akizunguka kati yetu na kuhesabu vichwa kila baada ya muda mfupi, mimi, mama yake, Emma, kisha anaanza upya. Ghafla Emma akaanza kutapatapa. Maji yalikuwa yameingia kwenye miwani yake. Kabla hajainua mkono, Sandra alikuwa ameshafika. Alimshika bega, akamtuliza, akamwinua taratibu na kumrudisha kwenye ngazi ya boti. Nasirumbi aliona yote, tangu mwanzo hadi mwisho.

Alibaki uso chini muda mrefu. Alipoinuka, alivua miwani na lile bomba, akamwita mtoto wake asogee. Nilidhani anataka kurudi botini. Akainama, akavuta maji ya bahari kinywani.

"Mama, usinywe hiyo!" Emma alipiga kelele kutoka botini.

Nasirumbi alimpulizia Sandra kifuani. Alikohoa kwa ile chumvi, akajifuta mdomo, ndipo akatamka maneno.

"Enda vizuri, rudi vizuri. Maji ikujue. Ile ilichukua kaka yangu, ikuache wewe."

Mimi nililia mle mle majini, wala sikujificha. Sandra hakulia. Alimsukuma mama yake polepole hadi kwenye ngazi, na Emma akainama kutusaidia, uso umejaa mshangao.

"Mama yako amekutemea maji?" akauliza.

"Ndiyo," Sandra akasema. "Nimeyangoja miaka sita."