Mikuki Isiyokuwemo Kwenye Wimbo

Jirani yangu Modesta amezaliwa Nyakato, nyuma ya viwanda, lakini ukimpa brashi anakuchorea Usukuma ambao sijui nani aliwahi kuuona. Vilima vya rangi ya asali, ng'ombe weupe, watu warefu wenye shingo nzuri. Bati hakuna hata moja. Namtania kwamba huko kwake hata nzi hawafiki. Anacheka, anaendelea kuota macho wazi.

Mwaka jana mchapishaji mmoja wa mjini, Antoni, alimpa kazi ya kuchora jalada la kitabu cha nyimbo za zamani za Kisukuma. Modesta alikuwa amechora mabango ya saluni maisha yake yote. Jina lake kuwa kitabuni ilikuwa ndoto yake kubwa. Akachagua wimbo wa kulimia ambao baba yake, Mzee Mashimba, aliuongoza ujanani huko Magu, vijana wakirusha majembe juu kwa mdundo wa ngoma.

Antoni akakunja uso. "Dada, majembe hayamwamshi mtu. Weka mikuki. Watoto wajue tulikuwa taifa la mashujaa."

Modesta akaweka. Ilipendeza, sikatai. Hata mimi Mkerewe nilijisikia shujaa.

Tukampelekea Mzee picha aione kwanza. Akaisogeza dirishani.

"Hawa wanakwenda kumpiga nani?"

"Hakuna, Baba. Ni ule wimbo wako."

"Wimbo wangu hauna vita. Tuliuimba tukimlimia mjane mmoja, shamba lake lilikuwa limezidiwa na majani. Tulipomaliza akatuletea maziwa ya mgando. Ndiye mama yako."

Modesta alijua kwamba marehemu mama yake, Paskazia, aliolewa mara mbili. Hilo la shamba hakuwahi kulisikia. Alilia pale pale, na mimi niliyekwenda kuangalia picha tu nikalia naye.

Akarudisha majembe, pembeni mwa shamba akamchora Paskazia na kibuyu.

"Na miguu, Baba? Nimewarefusha mno."

"Miguu iache," alisema Mzee. "Siku ile tulikuwa warefu hivyo hivyo."

Antoni akasema ni mikuki, la sivyo kazi anapewa mwingine. Modesta akabeba picha yake akaondoka. Hasira yangu kwa yule bwana haijaisha mpaka leo.

Kitabu kimetoka, kina mikuki ya mtu mwingine. Picha ya Modesta iko ukutani chumbani kwa Mzee. Kila asubuhi, kabla hajaitikia shikamoo ya mtu yeyote, anamsogelea yule mwanamke wa kibuyu.

"Mwangaluka, Paskazia," anamsalimia, kisha anangoja aitikiwe.