Mawe ya kaskazini yaenda kuziba mashimo

Mama Mawe amechuchumaa sakafuni, kipande cha mwamba katika kila mkono. Anakizungusha cha kulia, anakisogeza kwenye cha kushoto, anatafuta meno yanayoshikana. Hayashikani. Anavirudisha kwenye rundo na kuokota vingine.

"Ukivunja kikombe, vipande vyote viko miguuni pako," anasema. "Kikombe changu mimi kina urefu wa mlima."

Kwa miaka kumi na tisa ametunza ghala la miamba iliyochimbwa katika mabonde ya mashapo ya kaskazini, ambako wataalamu wanashuku kuna mafuta. Kila kipande, kinene kama mpini wa jembe, kililala kwenye sanduku la mbao lenye alama ya kisima na kina kilikotoka.

Kumbe mchwa walikuwa wakijilia masanduku kwa ndani. Rafu moja iliporomoka, ikavuta ya pili, na kaskazini nzima ikawa kifusi.

Mtafiti aliyekuja kupima miamba hiyo alibaki ameshika kiuno.

"Mama, bila kujua kimetoka kina gani, hiki kwangu ni jiwe tu. Pole sana."

Akafunga vifaa vyake, akaondoka. Pesa za kuchimba upya hakuna. Utafiti umekufa.

Mume wa Mama Mawe alikuwa kwenye timu iliyochimba visima hivyo. Bomba la mtambo lilimwangukia mgongoni, na tangu hapo hajasimama. Kila jioni humuuliza mkewe: "Haya, wamefikia wapi?"

"Namwambia wanaendelea vizuri," anasema mama huyu. "Ningemwambia nini? Kwamba mgongo wake umekwenda bure? Wewe andika tu, mwanangu. Gazeti kwetu halifiki."

Anacheka, lakini machozi yanamlengalenga. Amechoka kudanganya, na ukweli hana pa kuuanzia.

Kesho lori linakuja. Bosi ameamua kifusi kikazibe mashimo ya barabara, ikiwemo ile inayopita mbele ya nyumba yao, ambako mume huyo hushinda dirishani. Mwamba mweusi wa kaskazini, wenye mistari ya kijivu, hawezi kukosa kuutambua.

Akiulizwa ana mpango gani sasa, Mama Mawe anainuka. Anajipangusa vumbi magotini.

"Nimewaomba wayasage mawe kwanza," anasema. "Yawe kokoto ndogo kabisa. Bosi amesema atafikiria."