Kabichi za Duka la Bei Chee

Tokuji Ishimaru na mkewe Fusae waliuza mboga miaka mingi hapa Omuta, katika mtaa wetu wa maduka wenye paa, mkabala na duka langu la vitambaa. Siku za mgodi wa makaa ya mawe kulikuwa na wateja hadi wanasukumana. Tokuji aliamka alfajiri kwenda soko la jumla, na akirudi alizipanga kabichi zake moja moja, kila moja ameigeuza upande wake mzuri umtazame mnunuzi.

Mgodi ukafungwa, watu wakaanza kuhama. Kisha kando ya barabara kuu likafunguliwa duka la bei chee. Bidhaa zimeachwa ndani ya maboksi, hakuna mapambo, hakuna wa kukukaribisha mlangoni, lakini bei ni nusu ya zetu. Wateja wetu hawakugombana na mtu. Walianza tu kupita upande wangu wa njia, mifuko ya duka lile wameificha ndani ya makoti. Tokuji aliendelea kuwasalimu kwa majina.

Siku alipofunga biashara alimwambia mkewe, nami nasikia, kwamba kitu cha duka lile hakitaingia kinywani mwake hadi anakufa.

Aliyebaki na kazi ya kukitunza kiapo hicho ni Fusae. Pensheni ya wenye vijiduka kama sisi ni ndogo, na wakati wa baridi mafuta ya jiko la kupashia nyumba joto yanaimaliza. Basi jioni alipanda baiskeli kwenda kulekule, saa ambayo wafanyakazi hubandika stika za nusu bei. Akirudi alipitia kwangu kwanza, akabandua stika, akaifunga figili kwa gazeti, kisha akamwambia mumewe kwamba imetoka shambani kwa binamu yake anayeishi kijijini Yame.

"Huyo binamu yako analima mpaka tofu?" nilimtania, nikikitazama kipande cha jibini ya soya kwenye mfuko wake.

"Nyamaza wewe. Tofu nasema umenipa wewe."

Mambo yakaenda hivyo mpaka jioni moja ya baridi kali Fusae alipoishiwa nguvu akaanguka ndani ya lile duka. Wakampigia simu mumewe, naye akaja kugonga kwangu nimsindikize. Tulimkuta ameketi juu ya kreti, ameshapata nafuu, anatazama chini. Toroli lake lilikuwa pembeni, na vilivyomo ndani ni vilevile Tokuji alivyokuwa akila kila siku.

Alimuuliza kama anaweza kusimama, basi. Hakumgombeza. Akaenda zilipo mboga, akachukua kabichi, akaibinya, akaipindua kutazama kitako chake. Akasoma bei. Alikaa pale hadi nikamfuata.

"Hii ni chini ya bei niliyokuwa nanunulia mimi," alisema. "Sokoni. Kwa jumla."

Nilimwambia twende, mwenzake anasubiri.

"Hata mimi ningenunua hapa, dada. Watu wa watu nimewalaumu bure."

Nadhani hasira ndiyo iliyokuwa ikimshikilia. Ilipoondoka, hakubaki na kitu. Baada ya hapo alimfuata Fusae dukani kila jioni, yeye ndiye anasukuma toroli, na mkewe akichagua tofu yeye alikuwa kwenye maboksi ya kabichi, anazigeuza upande mzuri, anazipanga. Hakuna aliyemtuma. Fusae alimwacha, kwa kuwa ndiyo saa pekee mikono yake ilikuwa na kazi.

Meneja alikuwa kijana mwenye adabu. "Samahani sana, mzee," alimwambia. "Wateja wanalalamika kuna mtu anashikashika mboga. Tunakuomba uache."

Tokuji aliinama akaomba radhi, kisha akainama tena. Hakurudi tena kule, wala hakwenda kwingine. Msimu wa mvua ulipoingia alipata kichomi, na alifariki kabla haujaisha.

Mwaka uliofuata duka lenyewe likafungwa. Walibandika karatasi mlangoni kuwashukuru wateja. Mji wetu ulikuwa umebakiwa na watu wachache mno hata kwa bei chee. La karibu sasa liko mji wa Arao, na kwenda huko ni kwa basi. Nauli inameza karibu chote ambacho Fusae anaokoa kwenye chipukizi za maharage na tofu. Nilimwambia hivyo.

"Najua," akajibu. "Nisipokwenda, nitashinda nikifanya nini?"

Ana binti yake anayeishi mbali, Saitama, ambaye hupiga simu mwaka mpya. Majuzi nilimuuliza Fusae kwa nini asihamie huko. Alikuwa ameketi sakafuni anakunja mifuko ya plastiki, na hakuinua kichwa.

"Hajaniita," alisema.